Ua la shaba linaishije penye sumu, na kwa nini halitatusafishia udongo

Mvua zikianza kukatika, mwezi wa ine na wa tano, kwenye vilima vya madini na mashimo ya zamani kuzunguka Lubumbashi, hapa Katanga nchini Kongo, huchanua mmea mdogo wa rangi ya zambarau ambao wengi wanauita ua la shaba. Ukichanua tu, maneno huwa yaleyale. Eti unakula shaba. Eti ulipoota, chini kuna madini, leta sururu. Eti tukiupanda mashambani na kandokando ya viwanda utafyonza sumu yote, kisha tulime bila wasiwasi. Neno la kwanza lina nusu ya ukweli, la pili ni kweli mara nyingine, la tatu si kweli. Na hilo la tatu ndilo linalorudiwa zaidi, maana vumbi la madini na usalama wa mboga vimekuwa mazungumzo ya kila siku.

Tuanze na shaba yenyewe, mukuba kama wanavyosema wazee. Shaba si sumu tangu kuzaliwa. Ni kama chumvi kwenye sombe: bila chumvi hailiki, ikizidi hailiki vilevile, na nafasi iliyopo kati ya hali hizo mbili ni nyembamba. Mmea uliokosa shaba kabisa hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa sababu protini mojawapo inayofanya kazi hiyo ndani ya jani imejengwa juu ya chembe ya shaba. Ila kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Chukua kilo moja ya majani makavu ya mmea wa kawaida: shaba iliyomo ni miligramu 5 hadi 20 hivi. Udongo wa kawaida wa msitu wa miombo, kwa kilo, haufiki miligramu 100. Kwenye vilima vya shaba vya Katanga, kilo hiyohiyo ya udongo ina maelfu ya miligramu, na kuna mahali inapita 10,000, yaani katika kila kilo 100 za udongo unazokanyaga, kilo nzima ni shaba.

Ukipanda mahindi hapo, kinachoumia kwanza ni ncha za mizizi. Zinaacha kurefuka, zinanenepa, zinakuwa nyeusi. Mzizi mfupi haunywi maji ya kutosha. Kisha majani yanageuka manjano, kwa kuwa shaba iliyozidi inauzuia mmea kupata chuma, na bila chuma ile rangi ya kijani ya jani haitengenezeki. Ndani ya seli mambo ni mabaya zaidi: shaba isiyofungwa huwasha mfululizo wa mageuzi ya kikemia yanayotoboa utando wa seli. Mwenye shamba akitazama kwa juu atasema mbolea imepungua, au mvua. Ataongeza mbolea, na hakuna kitakachobadilika.

Ndiyo maana kilima cha shaba kinajulikana kwa mbali. Miombo inapanda mteremko, halafu inakatika ghafla, na juu yake ni nyasi fupi na maua tu. Watu wa Katanga walijua kusoma alama hiyo karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Walichimba lile jiwe la kijani, malakiti, wakaliyeyusha kwenye tanuri za udongo, wakamimina misalaba ya shaba iliyosafiri mbali katika biashara. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita huku mwaka 1892, alikuta machimbo ya wenyeji yakiwepo tayari. Nina kinyongo kidogo na vitabu vinavyosema madini haya "yaligunduliwa" na wageni, lakini tuendelee.

Wanaoishi juu ya kilima

Ua la shaba si mmea mmoja. Kwenye miamba ya shaba na kobalti (metali inayokaa pamoja na shaba) ya Katanga zimehesabiwa aina zaidi ya 600 za mimea, na zaidi ya 30 kati yake hazijapatikana kwenye udongo wa aina nyingine popote duniani. Mtaalamu wa mimea Mbelgiji Paul Duvigneaud ndiye aliyeanza kuziorodhesha kwa utaratibu, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Huyo wa zambarau anayejulikana zaidi huitwa kitaalamu Haumaniastrum katangense. Ni wa ukoo wa lumbalumba. Kamata shina lake kati ya vidole viwili ulizungushe: utasikia pembe nne, kama ilivyo kwa ndugu zake wengi. Ukikiinamia kichwa chake utaona kwamba ile rangi inayovuta macho kutoka barabarani haitoki kwenye ua hasa. Inatoka kwenye vijani vidogo vilivyokizunguka kichwa, na maua yenyewe ni madogo sana, yamejibana katikati. Mmea huu unaota, unachanua, unatoa mbegu na kufa ndani ya mwaka mmoja. Jirani zake ni wengine kabisa. Kuna Crotalaria cobalticola, wa jamii ya marejea, mwenye maua ya manjano. Kuna Acalypha cupricola. Kuna gladiola za mwitu, na nyasi fupi ya Microchloa ambayo tutairudia.

Wote hao ni wavumilivu, maana yake wanaweza kuota, kukua na kuzaa penye shaba inayoua mimea mingine. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu watu wakisikia "anavumilia shaba" wanaelewa "anaila shaba". Namna za kuvumilia ziko mbili kubwa, na zinakwenda kinyume.

Namna ya kwanza ni kukataa. Mmea mkataaji unaizuia shaba kwenye mizizi. Sehemu yake inanaswa kwenye kuta za seli za mzizi, sehemu inafungiwa humohumo mzizini, na kinachopanda hadi kwenye majani ni kidogo. Mizizi yake ukiipima ina shaba nyingi, majani yake ni karibu na ya mmea wa kawaida. Wengi wa wakazi wa vilima vya shaba wako upande huu. Naona hili ndilo jambo kubwa ambalo mazungumzo ya mtaani yanaliruka: mmea unaostawi juu ya shaba, kwa kawaida, ni mmea unaojua kuikwepa.

Namna ya pili ni kulimbikiza. Hapa shaba au kobalti inaruhusiwa kupanda hadi juu, lakini haiachwi itembee ovyo. Inafungwa na asidi za mmea wenyewe, kisha inawekwa ndani ya vifuko vya seli au kwenye ngozi ya jani, mbali na kazi nyeti za uhai. Wataalamu wa sasa wanamwita mmea mlimbikizi kama majani yake makavu yana shaba au kobalti zaidi ya miligramu 300 kwa kilo. Zamani mpaka ulikuwa 1,000. Faida ya kujijaza metali bado inajadiliwa. Dhana moja inayopendwa ni kwamba jani lenye metali linawachukiza wadudu walaji.

Habari ya majani yasiyooshwa

Mwaka 1978, François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, pamoja na wenzake akiwemo Robert Brooks wa New Zealand, waliandika katika jarida la Science kuhusu mmea mdogo wa Katanga wa jamii ya Aeollanthus. Majani yake makavu yalipimwa yakaonekana kuwa na shaba miligramu 13,700 kwa kilo. Zaidi ya asilimia moja ya jani ni shaba! Haumaniastrum robertii, ndugu wa ua la shaba, alipimwa kobalti zaidi ya miligramu 10,000. Katanga ikawa makao makuu ya mimea inayokula metali, na orodha ya walimbikizi ikarefuka.

Miaka mingi baadaye watafiti wengine walirudi kwenye vilima vilevile na swali la kizembe kidogo: je, majani hayo yalioshwa kabla ya kupimwa? Fikiria mmea wenyewe. Ni mfupi, majani yake yanakaribia kugusa ardhi, mengi yana vinyweleo. Mvua ikipiga, matone yanarusha tope lenye shaba juu ya jani. Kiangazi kikifika, upepo unamalizia kwa vumbi, na chembe hizo zinakaa katikati ya vinyweleo ambako kung'uta kwa mkono hakuziondoi. Ukikausha jani hilo na kulisaga jinsi lilivyo, unapima mmea na kilima kwa pamoja. Majani yalipooshwa vizuri, na baadhi ya mimea ilipooteshwa kwenye vyungu mbali na vumbi, namba za wengi zilishuka sana. Wapo walioshindwa hata kufika ule mpaka wa 300.

Haina maana kwamba walimbikizi hawapo Katanga, ila ni wachache kuliko orodha za zamani zilivyodai, na kiasi wanachobeba hubadilika sana kutoka kilima hadi kilima. Bado ile namba ya juu kabisa ndiyo inayozunguka kwenye simu zetu, bila habari ya kuoshwa.

Walijifunzaje?

Hakuna mmea uliojifunza. Watu husema mmea "ulijizoesha" kama mlevi anavyozoea pombe kali, lakini mche mmoja wa kawaida ukiuhamishia kwenye shaba utakufa tu, hata ukiuhamisha polepole. Kinachotokea ni uchujaji. Katika mbegu elfu nyingi zinazopeperukia kilimani, chache mno zina kasoro ya kuzaliwa inayozisaidia kukataa shaba kidogo. Zingine zinaoza. Hizo chache zinazaa, na watoto wao wanachujwa tena.

Tena si lazima ichukue mamilioni ya miaka. Huko Wales, Uingereza, Anthony Bradshaw na wanafunzi wake walichunguza nyasi za kawaida za malisho zilizokuwa zimeota juu ya masalia ya migodi ya zamani. Walikuta nyasi za mgodini zinavumilia metali, na zile za aina ileile zilizo umbali wa mita chache nje ya mgodi hazivumilii. Walipomwaga mbegu za malisho ya kawaida kwenye udongo wa mgodi, chache katika kila elfu zilisimama. Vilima vya Katanga vimechuja kwa muda mrefu kuliko migodi yoyote, ndiyo maana vimetoa aina nzima za mimea, si nyasi zilizobadilika kidogo tu.

Swali linalofuata: kama wana nguvu hivyo, mbona hawajajaa Katanga nzima? Jibu rahisi ni kwamba nje ya kilima wanashindwa. Kwenye udongo mzuri miti ya miombo inawafunika, nyasi ndefu zinawanyang'anya mwanga. Shaba ni adui wao pia, ila inawafukuza washindani wao kwanza. Kuhusu ua la shaba kuna dhana ya ziada: huenda miche yake michanga inashambuliwa na kuvu za udongoni, na shaba, ambayo wakulima wa viazi na nyanya hunyunyiza kama dawa ya kuvu, inaikinga.

Na shaba si shida yao peke yake. Mwamba haushiki maji, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hainyeshi. Moto wa kiangazi unapita karibu kila mwaka. Kwa hiyo wengi wanaishi chini kuliko juu: kiazi au shina nene lililojificha udongoni linangoja, na moto ukishapita linatoa maua juu ya majivu kabla ya mvua ya kwanza. Kwenye miamba wapo Xerophyta, ambao jamii yao ni maarufu kwa kukauka hadi ukadhani wamekufa, kisha kurudi kuwa kijani baada ya kunyeshewa.

Lilipoota, chimba?

Mara nyingine. Kilima kizima kisicho na miti, chenye kundi la aina kadhaa za mimea ya shaba kwa pamoja, ni ushahidi mzuri. Ua moja la Haumaniastrum katangense ni ushahidi dhaifu. Mmea huu unapenda udongo uliovurugwa, na unaota penye shaba iliyoletwa na mkono wa mtu: kando ya barabara za malori ya madini, karibu na viwanda, kwenye masalia. Watafiti wa historia wameutumia kupata mahali palipokuwa na tanuri za kale. Huko shaba ipo, lakini ni ya majivu na mabaki yaliyomwagwa juu ya ardhi. Mwenye sururu atachimba apate historia. Zaidi ya hapo, sampuli kavu za mmea huu zilizohifadhiwa katika makumbusho zinaonyesha kwamba uliwahi kuchumwa hata mahali pasipo na shaba nyingi.

Hesabu ya kusafisha

Sasa lile la kufyonza sumu. Tufanye hesabu sisi wenyewe. Chukua hekta moja ya udongo wenye shaba miligramu 5,000 kwa kilo, tuhesabu sentimeta 20 za juu peke yake. Huo ni udongo wa tani 2,600 hivi, na ndani yake kuna shaba tani 13. Tuupendelee mmea: tuseme ni mlimbikizi wa kweli, kilo ya majani yake makavu ina shaba gramu moja, na hekta inatoa tani tatu za mmea mkavu kila mwaka. Utavuna kilo tatu za shaba kwa mwaka. Kumaliza tani 13 utahitaji zaidi ya miaka 4,000, bila mwaka hata mmoja wa kupumzika, na vumbi jipya lisianguke. Na hayo majani uliyoyavuna utayapeleka wapi? Ukiyachoma, shaba inabaki kwenye majivu.

Kuna kazi nyingine ambayo mimea hii inaiweza, na ni ya maana kuliko hiyo ya ndoto. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi Lubumbashi mwaka 1911 kilitoa moshi kwa miongo mingi, na upepo wetu wa kiangazi, unaotoka kusini-mashariki, ukaupeleka upande wa kaskazini-magharibi. Mimea ikafa, udongo ukabaki uchi, vumbi likaanza kutembea. Huko Penga Penga, upande huo wa moshi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuongeza chokaa na mboji ili shaba isipatikane kirahisi kwa mizizi, kisha wakapanda ile nyasi fupi ya Microchloa iliyotoka kwenye vilima vya shaba. Nyasi hiyo ni mkataaji. Haiondoi shaba hata kidogo, inaishikilia ardhini: mizizi inafunga udongo, zulia la nyasi linazuia upepo na maji ya mvua, na kwa kuwa majani hayana shaba nyingi, mbuzi akila hapati balaa. Nyumba iliyo chini ya upepo inapata vumbi pungufu. Mtu akikuuzia mradi wa kupanda maua yatakayofyonza shaba ya mtaa wako, muulize kwanza kuhusu vumbi.

Vumbi hilo ndilo linaloturudisha jikoni. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuandikwa kwa watu wasiofanya kazi kwenye madini. Mboga zinachangia, na zinachangia kwa njia mbili, kama ilivyokuwa kwa yale majani ya watafiti. Lengalenga au kabichi iliyolimwa penye vumbi ina metali juu ya jani, na hiyo inapungua ukiosha kwa maji mengi safi, jani kwa jani, hasa upande wa chini na kwenye mikunjo. Iliyoingia kupitia mizizi haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kwa hiyo bustani iliyo karibu na mto unaopokea maji ya kiwanda ni tatizo la mahali, na hakuna ufundi wa jikoni unaolitatua. Na lengalenga kukua vizuri si uthibitisho kwamba ni salama, maana majani huweza kubeba kobalti nyingi kuliko inavyofaa mtu kabla hayajageuka manjano.

Kuhusu vilima vyenyewe, hali si nzuri. Mwaka 2012 Acalypha dikuluwensis, mmea uliojulikana kutoka eneo la shaba la Dikuluwe karibu na Kolwezi peke yake, uliingizwa kwenye orodha nyekundu ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kama mmea uliotoweka, na sababu iliyoandikwa ni uchimbaji wa juu ya ardhi. Crepidorhopalon perennis umejulikana kutoka mgodi wa Étoile, hapa hapa Lubumbashi. Huko Fungurume, penye migodi mingine ya Katanga, wamejaribu kuhamisha tabaka la juu la udongo pamoja na mbegu na viazi vyake kabla kilima hakijaliwa na mitambo. Matokeo yanategemea nani anahamishwa. Mimea ya mwaka mmoja, kama ua la shaba au Crepidorhopalon tenuis, inafuata udongo uliovurugwa na mingine imeongezeka kwa sababu ya migodi. Utaiona kwenye marundo mapya. Ile yenye viazi vya chini kabisa inakua polepole, haipendi kusumbuliwa, na ndiyo yenye wale ambao hawapo popote pengine duniani.